Kocha anakudai, muulize deni ni kiasi gani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, nacheza winga ya kushoto. Msimu uliopita nilikuwa mfungaji bora wa timu ya vijana, nikapandishwa kikosi cha kwanza. Tangu aje kocha mpya sina amani. Nikifunga hasemi kitu, nikipoteza mpira mmoja ananifokea mpaka jukwaani wanasikia. Mechi tatu mfululizo amenitoa dakika ya 60, na moja nilikuwa nimefunga na tunaongoza. Wiki iliyopita alisema mbele ya wenzangu kwamba bado nacheza mpira wa watoto. Wakala wangu anataka niombe kwenda kwa mkopo. Je, kocha huyu ananichukia? Nifanyeje kipaji changu kisifie hapa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeandika kwamba amekutoa mechi tatu mfululizo, na uchungu wako wote umekaa kwenye neno hilo. Mimi nimeona jambo lililojificha nyuma yake: mtu hatolewi dakika ya 60 kama hakuanza. Kocha mgeni, ambaye kibarua chake mwenyewe kinapimwa kila wiki, amempa kijana wa miaka 19 namba mara tatu mfululizo. Kocha akimkatia tamaa mchezaji huwa hamfokei. Anampita koridoni, anamsalimia vizuri tu, anamwachia afanye mazoezi anavyotaka, na siku ya mechi jina lake halisomwi. Vijana wengi niliowaona wakipotea walipotelea kwenye ukimya wa namna hiyo. Waliopotea kwa sababu ya kelele ni wachache.

Kwa hiyo sidhani anakuchukia. Nadhani anakudai. Na shida yako ni kwamba hujui deni lenyewe ni lipi, ndiyo maana kila akipaza sauti unasikia chuki.

Tarehe 3 Oktoba 2004 Chelsea ilicheza na Liverpool. Joe Cole, wakati huo ana miaka 22 na Uingereza nzima ikimzungumzia tangu akiwa mtoto, aliingia kutoka benchi akafunga bao pekee la mechi. Baada ya filimbi ya mwisho kocha wa Chelsea, José Mourinho, akawaambia waandishi kwamba Cole alipofunga aliona kazi imekwisha, na kuanzia hapo timu ilibaki na watu kumi wa kulinda ushindi. Hebu fikiria: umefunga bao la ushindi dhidi ya Liverpool, halafu unasomewa makosa yako hadharani. Lakini tazama timu ile ilivyomaliza msimu. Ilikuwa bingwa, na kwenye mechi 38 za ligi ilifungwa mabao 15 tu. Hesabu ya namna hiyo haiwezekani kama winga anapumzika baada ya kufunga. Cole alilielewa somo akaendelea kupata namba katika timu iliyokuwa na mawinga wakali kweli.

Ngoja nikuonyeshe kocha wako anaona nini akiwa amesimama pale pembeni. Umepokea mpira kushoto. Beki wako wa kushoto ameshapanda, amepita nyuma yako ili uwe na mtu wa kumpa pasi. Unamtoka wa kwanza, jukwaa linashangilia, unaingia kwa wa pili, anauchukua. Kwa wewe kilichotokea ni chenga moja haikukubali. Kwa kocha, sekunde hiyohiyo beki wako yuko mita 30 mbele ya eneo lake, nyuma yake kuna uwanja mtupu, na winga wa wapinzani ameshaanza kukimbia kuelekea huko. Ukipiga hatua tatu za haraka kumwelekea aliyekunyang'anya, ukamzibia pasi ya mbele, itabidi ageuke au arudishe nyuma. Hizo ni sekunde mbili tatu, na beki wako anazihitaji zote ili arudi. Ukisimama na mikono juu ukimlalamikia refa, pasi inapita, beki wa kati anatoka kwenda kuziba pembeni, ndani ya boksi panabaki pengo, krosi inapigwa, bao. Watangazaji watamlaumu beki wa kati. Kocha anajua bao lile lilizaliwa miguuni pako.

Barcelona ya kocha Pep Guardiola ilikuwa na hesabu yake maarufu: mpira ukipotea, sekunde tano za kuusaka kwa nguvu zote, zikipita kila mtu arudi kwenye nafasi yake. Timu nyingi za leo zina kanuni ya aina hiyo, hata kama kila kocha ana namna yake ya kuieleza. Muulize msaidizi wa kocha wenu kanuni ya kwenu ni ipi. Nina wasiwasi kwamba uliisikia siku ya kwanza ukaipita, kwa kuwa timu ya vijana hukuihitaji.

Hapo ndipo lile neno la "mpira wa watoto" linapoanza kueleweka. Sipendi alivyolisema mbele ya wenzako, na nitalirudia hilo chini. Ila maana yake naijua. Kwenye timu ya vijana ulikuwa na kasi kuliko mabeki wa umri wako. Ukijaribu chenga kumi, sita zinapita, mbili zinakuwa mabao, na zile nne ulizopoteza hakuna aliyekuwa na uwezo wa kukuadhibu nazo. Ilikulipa kujaribu kila mara. Kwa wakubwa beki anayekukaba amekutana na mawinga wenye kasi kama yako mamia ya mara. Hakufuati chenga zako, anasubiri uuguse mpira kwa nguvu kidogo tu. Na ukiupoteza, kuna kiungo anayejua kuupeleka kwenye pengo kwa pasi moja. Chenga ni ileile, gharama imebadilika.

Mimi mwenyewe nimekuwa kocha wa kufoka. Kuna kijana wa miaka 18 niliyemfundisha, winga kama wewe, mguu wake wa kushoto ungedhani umepakwa gundi. Nilimfokea msimu mzima na hakuna kilichobadilika, ila alianza kuniogopa na kuupoteza mpira zaidi. Siku moja nikaona nimeshindwa, nikamwita ofisini tutazame mechi pamoja. Kila alipopoteza mpira nilisimamisha picha nikakaa kimya. Mara saba. Kwenye picha ya tano akainama karibu na skrini, akaweka kidole juu ya beki wetu aliyekuwa akikimbizana na watu wawili, kisha akakisogeza polepole mpaka juu yake mwenyewe, amesimama, mikono kiunoni, uso kwa refa. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa mimi niko timu gani?" Sikuwa na la kuongeza. Miezi yote ile nilikuwa nikimwambia "rudi, rudi", na yeye alidhani namwambia asicheze chenga. Lile lilikuwa kosa langu, na nalitaja ili ujue kwamba kocha anaweza kuwa na dai la haki na bado akashindwa kulieleza.

Usisubiri kocha wako afikie hatua hiyo. Mwombe mtu wa timu anayeshughulika na video akupe mechi zako tatu. Usitazame mabao wala tobo ulizopiga; ulishazitazama, nina hakika. Tazama tu kila mpira ulioupoteza na sekunde tano zinazofuata. Andika kwenye daftari: uliupoteza wapi, ulikuwa na mtu wa kumpa au hukuwa naye, na baada ya kuupoteza ulifanya nini. Utakuta wala huhitaji kubadilisha kila kitu. Kwa wengi tatizo ni moja linalojirudia, mara nyingi ni eneo: chenga zile zile zingepigwa robo ya mwisho ya uwanja, karibu na boksi lao, kocha angezipigia makofi. Zinapigwa katikati ya uwanja wakati beki wako ameshapanda, ndiyo maana anapandwa na hasira.

Ukishaandika, nenda kwa kocha. Chagua siku vizuri: usiende baada ya mechi wala siku aliyokutoa, na usiende siku moja kabla ya mechi, kichwa chake kinakuwa na kikosi. Siku ya pili au ya tatu baada ya mechi, mazoezi yakiisha, wenzako wanakusanya vifaa, msogelee peke yako. Usiulize "kwa nini hunipangi dakika zote", kwa sababu hapo unamweka kizimbani naye atajitetea. Mwambie: "Kocha, nimetazama mechi tatu, nimeona mpira ukipotea katikati nachelewa. Nianze kurekebisha hilo, au kuna jingine unaloona ni kubwa zaidi?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho, hata akichukua dakika kumi. Ndiyo namna ya kumwuliza mdai deni lake ni kiasi gani. Makocha wakali niliowahi kufanya nao kazi, karibu wote, walilainika walipokutana na swali lenye kazi ndani yake. Na usiongozane na wakala wala mzazi kwenye mazungumzo hayo.

Tena usidhani unadaiwa kwa sababu wewe ni mdogo. Mwaka 2024, mwezi Oktoba, kocha Luis Enrique alimwacha winga Ousmane Dembélé nje ya kikosi cha PSG ya Ufaransa kilichokwenda kucheza na Arsenal kwenye Ligi ya Mabingwa, akisema mchezaji asiyetimiza wajibu wake kwa timu hayuko tayari. PSG ikafungwa 2-0 na kocha akalaumiwa kila upande. Dembélé alikuwa na miaka 27, bingwa wa dunia wa 2018. Angeweza kununa. Tarehe 31 Mei 2025 PSG iliifunga Inter 5-0 kwenye fainali ya ligi hiyo. Dembélé hakufunga hata bao moja siku hiyo. Kitu ambacho Luis Enrique alikisifia kuliko vyote, akisema kwa hicho tu angempa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, ni jinsi alivyomsumbua kipa na mabeki wa Inter walipojaribu kuanza mpira kutoka nyuma. Septemba akaipata kweli hiyo Ballon d'Or. Kama una video ya fainali ile, mtazame anaposubiri kipa apige: amejikunja kama mwanariadha anayesubiri bastola.

Sasa hilo la dakika ya 60. Hapa nadhani unajiumiza bure kidogo. Tangu ruhusa ya kubadilisha wachezaji watano ilipokuwa ya kudumu mwaka 2022, mawinga ndio watu wa kwanza kutolewa karibu kila timu, kwa sababu wao ndio wanaokimbia mbio kali nyingi na kocha anataka miguu mipya dhidi ya beki aliyechoka. Kile kifaa unachovaa mgongoni chini ya jezi kinahesabu mbio zako zote. Mwombe kocha wa viungo akuonyeshe namba zako: mbio kali ngapi kipindi cha kwanza, ngapi kuanzia dakika ya 50. Zikiwa zimeshuka sana, una jibu, na dawa yake ni pumzi, usingizi na mazoezi ya nguvu, mambo ambayo yote yako mikononi mwako. Kuna na upande wa pili ambao vijana hawapendi kuusikia. Pedri, kiungo wa Barcelona, alicheza mechi zaidi ya 70 za klabu na taifa msimu wa 2020/21 akiwa na miaka 18, wote tukamshangilia, na msimu uliofuata jeraha la paja lilimweka nje sehemu kubwa. Mwili wa miaka 19 bado unajengwa. Kocha anayekutoa dakika ya 60 anaweza kuwa anakuibia dakika 30 leo ili uwe nazo ukiwa na miaka 25.

Kuna kitu kimoja cha kiufundi nitakachokuachia, maana nimekiona kikibadilisha wachezaji kuliko maneno yote. Geir Jordet, mtafiti wa Norway, alichambua video za viungo, yaani wachezaji wa katikati, wa Ligi Kuu ya Uingereza akihesabu mara ngapi wanageuza shingo kutazama pembeni na nyuma kabla mpira haujawafikia. Waliotazama mara nyingi zaidi ndio waliofanikiwa zaidi kwa pasi za mbele, na Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliogeuza shingo kupita wengine. Winga mwenye chenga mara nyingi hana tabia hii, kwa sababu anaamini atakayemkuta atamtoka. Wiki hii kwenye mazoezi, kabla ya kila pasi inayokuja kwako, tazama nyuma ya bega mara mbili. Siku za kwanza utakuwa unakosea kugusa, watakucheka. Endelea. Baada ya wiki kadhaa utaanza kujua kabla ya kupokea kama hapa ni pa chenga au ni pa kugusa mara moja na kukimbia, na nusu ya kelele za kocha zitaisha zenyewe.

Kuhusu mkopo. Sikatai, na wakala wako huenda ana nia njema. Kevin De Bruyne alitoka Chelsea kwenda Werder Bremen ya Ujerumani kwa mkopo msimu wa 2012/13, akacheza msimu mzima, akafunga mabao 10 ya ligi, na kule ndiko Ulaya ilipoanza kumjua. Aliporudi Chelsea akakosa nafasi kwa Mourinho, akaondoka moja kwa moja Januari 2014. Mohamed Salah naye alipita njia inayofanana, akatoka Chelsea kwenda Fiorentina kwa mkopo, kisha Roma, na alipofika Liverpool akafunga mabao 32 ya ligi katika msimu wa kwanza, 2017/18. Kwa hiyo kuondoka kunaweza kumfungulia mtu milango. Lakini walikwenda mahali palipokuwa na kazi inayowasubiri, na shida yao hapo walipotoka ilikuwa kutopangwa. Wewe unapangwa. Anayeomba mkopo kwa sababu ya kufokewa anahama na deni lake, atalikuta kwa kocha wa huko, ambaye hana sababu ya kumvumilia mchezaji asiye wake. Na ujue kanuni za FIFA: ndani ya msimu mmoja unaweza kusajiliwa klabu tatu, lakini mechi rasmi unachezea klabu mbili tu. Umeshacheza hapo ulipo. Ukienda kwa mkopo katikati ya msimu na mambo yakaharibika, umebaki na kurudi kwa kocha huyuhuyu.

Mimi ningekushauri ujipe mpaka mwisho wa msimu. Ukifika hapo umefanya kazi uliyotajiwa na dakika zako zimeshuka badala ya kupanda, kaa na wakala, omba mkopo, na swali la kwanza kwa klabu inayokuhitaji liwe: kocha wenu anacheza mfumo gani na winga wake anafanya nini mpira ukipotea? Wakishindwa kukujibu, usiende. Phil Foden alianza kuchezea Manchester City Novemba 2017 akiwa na miaka 17, na kwa misimu kadhaa watu walipiga kelele kwamba Guardiola, ambaye sasa alikuwa kocha wa City, anamuua kwa benchi, apelekwe kwa mkopo. Hakupelekwa. Alikuwa akifanya mazoezi kila siku na David Silva, mtu wa nafasi yake. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 ya ligi akachaguliwa mchezaji bora wa Ligi Kuu ya Uingereza. Miaka sita na zaidi ilipita. Sisemi usubiri miaka sita. Nasema mechi tatu ni muda mfupi mno kuamua.

Nilisema nitarudi kwenye kufokewa hadharani. Ukali una mpaka, na nataka uujue mpaka huo ili usije ukameza kila kitu kwa jina la nidhamu. Kocha akikemea ulichofanya, "umechelewa kurudi", "ulikuwa na mtu huru hukumwona", hiyo ni kazi, hata sauti ikiwa kubwa. Akikemea ulivyo, asili yako, wazazi wako, umbo lako, hiyo haina uhusiano wowote na mpira. Akikulazimisha kucheza ukiwa umeumia, akitishia namba yako ukienda kwa daktari, au akikuinulia mkono, usimsubiri alainike: nenda kwa daktari wa timu, kwa nahodha, kwa uongozi, na kama hawasikii nenda kwenye chama cha wachezaji. "Mpira wa watoto" kwangu liko karibu na mpaka bila kuuvuka. Ila kama limekukaa moyoni, mwambie mkiwa wawili: "Kocha, nirekebishe hata kwa ukali, lakini lile neno mbele ya wenzangu liliniumiza." Sema mara moja, kwa heshima, bila kurudia. Nahodha wenu pia anaweza kukufikishia ujumbe huo, manahodha wazuri wanaifanya kazi hiyo kila msimu bila mtu kujua.

Halafu nyumbani na kwenye simu yako: punguza wale wanaokutumia vipande vya chenga zako na kukuambia kocha hajui mpira. Wanakupenda, sina shaka. Ila hawakai kwenye kile chumba cha video.

Niandikie baada ya mechi mbili. Niletee namba tatu tu: mipira uliyoipoteza, mara ngapi wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kumfuata aliyeichukua, na dakika uliyotolewa. Na jibu alilokupa kocha, uliandike kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni makali.